Kabla ya kumwita mkata nyasi, tembea kwanza Ngong Road

JE, msomaji mpendwa, umewahi kuulizwa nyumbani, "Nyasi hizi zitakatwa lini?" nawe ukachungulia langoni kuona kama kuna kijana anayepita na fyekeo begani? Ukamwita, mkapatana bei kwa dakika mbili, ukarudi ndani kusoma gazeti? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi wewe ni mwenzangu. Leo nakualika matembezini, mimi na wewe, tukaone nyasi za Nairobi. Huenda tukirudi utakuwa umejua ni nani wa kuitiwa kazi hiyo, na kwa malipo gani.

Panda matatu ya nambari 111 katikati ya jiji, ile iendayo Ngong. Ukishapita Dagoretti Corner, mwombe utingo akushushe kwenye makaburi ya wanajeshi. Usiogope neno makaburi. Mahali hapa ni patulivu mno, na ni vigumu kuamini kwamba barabara yenye kelele za honi iko karibu. Makaburi haya yalifunguliwa mwaka 1941, na humu wamelazwa zaidi ya wanajeshi 1,900 waliofariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hutunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa kazi hiyo ya kutunza makaburi ya vita kote duniani.

Ukishasoma majina kwenye mawe na kutoa heshima zako, inama utazame nyasi. Zimekatwa kwa kimo kimoja. Baina ya mistari ya mawe hakuna upara wala kichaka. Hapa hakuna muujiza wowote. Kuna mtu ajuaye kazi yake, mwenye chombo kikali, ambaye hurudi tena na tena kabla nyasi hazijamshinda. Yashike moyoni mambo hayo matatu, maana tutayahitaji mbele ya safari.

Nyasi zilizojaa katika nyua nyingi za Nairobi ni zile ziitwazo nyasi za Kikuyu. Si mgeni aliyeletwa kwa meli. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake limetokana na jamii ya Wakikuyu ambao ardhi yao ndiko zinakomea kwa wingi. Kutoka huku zilisafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia, Hawaii na California. Huko zilitambaa kwa bidii kiasi kwamba serikali ya Marekani imeziorodhesha miongoni mwa kwekwe hatari! Kwa hivyo, katika jiji kama letu lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nyasi hizi ziko kwao. Hazihitaji kubembelezwa ili zimee. Zinachohitaji ni kukatwa vizuri.

Na kukatwa vizuri ni nini? Jani ndilo jiko la nyasi, kwa kuwa hapo ndipo chakula hupikwa kwa nguvu za jua. Ukilikata jani lote, umezima jiko. Ndiyo maana mabingwa wa bustani hushauri kwamba usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kimo cha nyasi kwa mara moja. Mathalani, ukitaka zibaki sentimita 4, zikate zinapofika sentimita 6. Ukingoja hadi zifike magotini, sehemu ya juu itakuwa kijani lakini chini kutakuwa na mkeka wa vikonyo vikavu vya rangi ya kahawia. Siku utakapozifyeka hadi chini, ua wako utafanana na kichwa cha mtu aliyenyolewa kwa chupa.

Jambo la pili ni makali. Kisu kikali hukata jani, ilhali kisu butu hulirarua. Siku ya kwanza hutaona tofauti yoyote. Rudi baada ya siku mbili au tatu, na ncha za majani yaliyoraruliwa zitakuwa zimekauka na kupauka. Kwa hivyo usimsifu mkata nyasi jioni ya Jumamosi. Ngoja hadi Jumanne.

Sasa panda matatu nyingine uendelee hadi Karen. Njiani utaona vitalu vya miche kando ya barabara, na wauzaji wake ni walimu wasiodai karo. Ukiwasalimu vizuri watakueleza kwamba nyasi za Pemba, zenye majani mapana, huvumilia kivuli cha miti kuliko nyasi za Kikuyu, ambazo hupenda jua. Huku Karen pia utaona magari ya makampuni ya kutunza bustani, yenye mashine nyuma na wafanyakazi waliovaa ovaroli, buti na miwani ya kukinga macho. Bila shaka utajiambia, "Hao ni wa matajiri." Nami nilisema hivyo hivyo.

Tukirudi kwa matatu ya nambari 24 inayopitia Lang'ata, hebu nikusimulie yaliyonipata huku ninakoishi. Ua wetu ni mdogo, wa kuanikia nguo na watoto kuchezea mpira. Mwezi mmoja wa Januari, baada ya mvua za vuli kuukuza, kampuni moja ilinitajia bei nikacheka. Nikampata kijana langoni aliyekubali robo ya bei hiyo. Alikuwa na mashine ya kuazima na miguuni alivaa patipati. Nilimwambia akate hadi chini kabisa, ili nisimwite tena upesi. Niliona nimekuwa mjanja.

Sikuokota mawe wala mifupa iliyoachwa na mbwa. Sikumuuliza kama ameitumia mashine hiyo hapo awali. Nilikuwa ndani niliposikia mlio kama wa risasi, kisha kioo cha dirisha kikaanguka. Kisu kilikuwa kimerusha jiwe. Kijana aliposhtuka alirudi nyuma akiivuta mashine kuelekea kwake, utelezi ukamwangusha, na mguu ukaingia chini yake. Nilipotoka nje alikuwa ameketi, ameushika mguu kwa mikono miwili, akiniambia, "Pole mzee, nitalipa dirisha."

Msomaji, maneno hayo hayajanitoka masikioni. Mtu anavuja damu katika ua wangu, naye anawaza kioo changu! Tulimfunga kwa taulo tukamkimbiza hospitalini. Alishonwa, na nashukuru Mungu hakupoteza kidole hata kimoja, lakini alikaa wiki tano bila kufanya kibarua. Nililipa matibabu, kioo, na kitu kidogo cha kumsaidia alipokuwa nyumbani. Jumla yake ingeilipa ile kampuni kwa karibu mwaka mzima. Isitoshe, nyasi zilizonyolewa wakati wa kiangazi zilibaki na upara hadi mvua za masika.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sikujua kwamba ghali hiyo yaweza kulipwa kwa mguu wa mtu mwingine.

Hata hivyo, usidhani ninakutuma kwa kila mwenye ovaroli. Baadaye niliiita ile kampuni. Vijana wake walikuja na buti na adabu, lakini visu vya mashine yao vilikuwa butu, na siku ya tatu ua wangu ulikuwa umepauka kama majani ya mahindi. Sare haikati nyasi. Fundi ni yule ajuaye kazi na mwenye chombo kikali, awe ameshuka kutoka kwenye gari au amekuja kwa miguu.

Kwa hivyo, kabla ya kupatana bei na mtu yeyote, mwulize maswali haya. Nyasi zangu utaziacha na kimo gani? Akijibu "zote hadi chini", mshukuru umwage. Kisu kilinolewa lini? Fundi wa kweli hubeba tupa yake au atakuonyesha makali bila kununa. Umevaa nini miguuni? Na ikiwa ni kampuni, uliza kama wafanyakazi wake wana bima, kwa kuwa sheria ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha kazini inamtaka mwajiri awakatie.

Nawe una wajibu wako. Okota mawe na waya kabla mashine haijawashwa. Waondoe watoto uani. Usikubali mashine ya umeme itumiwe nyasi zikiwa na maji. Vipande vifupi vilivyokatwa viache pale pale vioze, kwani ni mbolea ya bure. Wakati wa mvua kata mara kwa mara, na wakati wa kiangazi ziache nyasi ziwe ndefu kidogo ili zikinge udongo dhidi ya jua.

Ikiwa ua wako ni mkubwa kama uwanja wa mpira, bila shaka tafuta kampuni yenye mashine nzuri. Lakini kwa ua mdogo kama wetu wengi, mtu mmoja mwenye fyekeo kali, anayekuja kila baada ya wiki mbili na kulipwa malipo ya haki, atakufaa zaidi kuliko mashine ya kuazima.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu siku hizi. Yule kijana alipopona nilimwomba arudi. Nilimnunulia buti na tupa, naye akanifundisha kuweka fyekeo sambamba na ardhi ili lisichimbe udongo. Bado anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Akifika langoni siku ya Jumamosi sitaji bei tena, kwa maana tulishapatana, nami huwa nimeshaokota mawe yote.