Tafakari ya Juma: Kijiko cha Mtindi wa Jana



Wapendwa wasomaji wa tafakari yetu ya juma, leo tunawaomba radhi tuanzie jikoni kabla ya kufika altareni. Tunataka kusema nanyi habari za mtindi, na kwa njia ya mtindi tuungame kosa moja la nyumba yetu. Tunasema "sisi" kwa sababu kosa hilo hatuwezi kumtwisha mmoja wetu peke yake.

Nyumba ya mapadre ya parokia yetu hapa Kariakoo ilihudumiwa kwa miaka 22 na mama mmoja ambaye sote tulimwita Bibi. Alifika akiwa mjane mwenye nguvu zake, akawapikia maparoko wanne waliopokezana. Mbele ya waamini alituita "Baba". Tukibaki wenyewe mezani alituita "wanangu", na tulipochelewa kula alitugombeza kama wanawe kweli. Kila siku baada ya Misa ya asubuhi tulikuta bakuli la mtindi mzito, uliotulia. Mmoja wetu, ambaye maziwa matamu humsokota tumbo tangu utoto, aliishi kwa mtindi huo. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuuliza unatoka wapi. Ulikuwapo tu, kama maji yanavyokuwapo bombani siku yanapokuwapo.

Mwaka jana miguu ya Bibi ilianza kuvimba, ngazi zikamshinda, akaomba kurudi kwao Upareni. Tulimpa nauli, doti ya khanga na bahasha, tukambariki, na dereva akamfikisha kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi. Asubuhi iliyofuata mezani palikuwa na chai na mkate.

Tukasema: mtindi ni kitu gani? Tumesoma falsafa na teolojia, hatutashindwa na maziwa. Tulinunua lita mbili kwa kijana anayeleta maziwa kwa pikipiki kutoka Chanika, na pakiti ya mtindi dukani kwa ajili ya mbegu. Tukayachemsha maziwa, na yakiwa bado yanafoka tukamimina mbegu ndani. Kulipokucha tulikuta maziwa yaleyale, membamba, yenye harufu isiyotamanisha.

Ndipo frateri wetu alipovuka barabara kwenda kwa jirani yetu Bi Mkubwa, mama wa Kiislamu mwenye umri wa kutuzaa, ambaye baraza lake linatazamana na lango la kanisa. Alisikiliza habari yetu, akatikisa kichwa. "Mmeiua, mwanangu. Mbegu ile ina uhai. Utaitiaje kwenye maziwa ya moto namna hiyo?" Akampa vijiko vitatu katika kikombe. Usiku ule tulifanya kama alivyoagiza, na asubuhi mtindi ulikuwa umeganda vizuri. Furaha yetu ikapita kiasi: tuliula wote kwa kikao kimoja, na frateri akakomba bakuli kwa kidole. Jioni maziwa yalipofika tulitazamana. Hatukuwa na mbegu.

Safari ya pili tulikwenda sote kuomba radhi. Bi Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini barazani. "Padri, hapa Kariakoo hata mtoto muuza mifuko anajua kwamba mtaji hauliwi. Ninyi mmesoma miaka yote ile, na mmekula mtaji!" Kisha akatufundisha upya, nasi tunawaandikia kama tulivyopokea.

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yafoke, uyaache motoni dakika chache zaidi huku ukikoroga yasishike chini. Hatua hii isirukwe, kwa maana maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya maradhi, vikiwamo vya kifua kikuu. Yaache yapoe mpaka kidole safi kiweze kukaa ndani huku ukihesabu hadi kumi. Ni joto la nyuzi 43 hivi. Chukua vijiko vitatu vya mtindi wa jana, uvilainishe kikombeni kwa maziwa kidogo, ndipo uchanganye na yote. Funika, zungushia khanga au taulo, weka pembeni pasipopita mtu. Usitikise, wala usifunue kila saa kutazama. Katika joto la Dar es Salaam la Desemba hadi Machi, mtindi uliowekwa jioni huwa tayari alfajiri. Juni na Julai hutaka saa zaidi. Ukiganda, kabla hujapakua wa kula, tenga vijiko vitatu katika chombo safi, uviweke kwenye friji. "Kabla," alirudia Bi Mkubwa akituinulia kidole, "siyo baada."

Wataalamu wametueleza kinachotendeka gizani chini ya khanga ile. Mwaka 1905 mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, akiwa Geneva, alimtambua kwa hadubini bakteria anayegandisha yogati ya kwao. Viumbe hao wadogo hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyagandisha. Kwa kuwa sehemu ya sukari imekwisha kuliwa, tumbo la mwenzetu hupata nafuu. Lakini wafugaji wetu waligandisha maziwa vibuyuni muda mrefu kabla ya hadubini kufika kwao. Na huko Mabatini, Mwanza, mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza yogati yenye bakteria maalumu kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, ikiwafaa hasa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mbegu ilitoka kwa wataalamu wa maabara. Waliosimama jikoni ni akina mama. Jina walilojipa, Tukwamuane, ni mahubiri yanayojitosheleza.

Tulipokuwa tunaaga, mmoja wetu alimwuliza Bi Mkubwa mbegu yake aliipata wapi. Alitushangaa. "Si kwenu?" Akatusimulia kwamba Ramadhani moja ya miaka mingi iliyopita alipeleka kwa mapadre sahani ya futari. Bibi hakutaka chombo cha jirani kirudi kitupu, akakijaza mtindi na kuuvusha barabara. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa hakukosa mbegu. Akawapa binti zake walioolewa Magomeni na Temeke, nao wakawapa jirani zao. "Mliokuwa mnakula juzi mpaka mkakomba bakuli," alisema, "ni mtindi wa Bibi yenu."

Tulirudi nyumbani kimya.

Mtaa tunamoishi una jina la wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wachukuzi kilichoitwa Carrier Corps, na katika vinywa vya watu jina hilo likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba chakula na risasi za jeshi. Wengi walikufa kwa maradhi na uchovu, na walio wengi hawana kaburi lenye jina. Kwenye sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927, wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, lakini anayeonekana juu ni mwenye bunduki. Tumepita hapo mara nyingi na kusikitika, huku nyumbani kwetu mpagazi mmoja akitubeba miaka 22.

Bwana wetu, alipotaka kuwaeleza watu Ufalme wa Mbinguni, hakuona haya kuingia jikoni kwa mwanamke aliyetia chachu katika unga wake. Mwanamke huyo hatujui jina lake. Lakini Mtakatifu Paulo, akimwandikia Timotheo, anakumbuka kwamba imani ya kijana huyo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na anawataja wote wawili. Askofu huyo kijana alipokea imani kama sisi tulivyopokea mtindi: kutoka mkono wa mwanamke mzee. Wamisionari walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walileta mbegu, ndiyo. Walioitenga, wakaitunza na kuipitisha nyumba kwa nyumba ni makatekista na akina bibi ambao wengi wao hatukuandika majina yao popote.

Sasa ungamo letu. Padri anapohama, parokia huandaa Misa ya shukrani, kwaya, keki na zawadi. Bibi aliondoka siku ya Jumanne akiwa na begi moja. Lililo zito zaidi tuliligundua baadaye, tulipofungua majalada: katika miaka yote ile hakuwahi kuandikishwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Kila paroko alidhani aliyemtangulia amelifanya. Mara ngapi tumehubiri juu ya ujira wa haki, tukiitaja barua ya Papa Leo wa Kumi na Tatu ya mwaka 1891, na chakula chetu kikiwa kimepikwa na mtu asiye na akiba ya uzeeni? Tulimtenda Bibi kama tulivyolitenda bakuli. Tulikula chote, tukasahau kutenga.

Hesabu ya tunachodaiwa imekwisha kupelekwa katika halmashauri ya walei, na juma lijalo mmoja wetu atakwenda Upareni na fungu la kwanza. Tumeandika jambo hili hadharani ili tusipate njia ya kurudi nyuma. Jina la Bibi hatulitaji hapa kwa kuwa hatujamwomba ruhusa. Akiridhia, litatajwa altareni.

Nanyi wapendwa, mnao majumbani na madukani akina dada wa kazi, walinzi, vijana wanaopakua mizigo yenu usiku. Msingoje waugue ndipo mwulize habari zao. Haki ya mtu hutengwa kabla ya kupakua. Ukingoja baada, utakuta bakuli limekwisha kukombwa.

Tulimpigia Bibi simu tukiwa tumeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Alitukatiza mapema.

"Mnakula, wanangu?"

"Tunakula, Bibi. Tunagandisha mtindi wenyewe."

"Na mbegu mnaacha?"

"Tunaacha, Bibi."

"Basi, vizuri."

Msamaha wake tumeupokea kwa shukrani. Deni letu bado lipo palepale.

Mungu awabariki, awajalie Dominika njema, na mkumbuke kumwombea Bibi wetu.