Mtoto Asiyeinua Kidole

Sisi tunaoshika chaki tunaijua vema siku ya kutangaza matokeo. Mwanzo wa mwezi wa saba wazazi wanakuja shuleni, wanakaa uani juu ya mabenchi, na mkubwa wa shule anasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na asilimia ya kila mtoto. Wa kwanza anapigiwa makofi, na mama yake anammwagia poda kichwani. Wa mwisho naye anasikia jina lake, na majirani wote wanalisikia.

Mwaka 2011 tulikuwa tukifundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi, mjini Lubumbashi. Palikuwa na kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Hakuinua kidole hata mara moja. Sisi tulimwita mvivu. Siku moja tulimsimamisha kwa ukali atoe jibu la hesabu, akalitoa kwa Kiswahili. Tukamwambia aseme kwa Kifaransa, maana katika mwaka wa tano masomo yanatolewa kwa lugha hiyo. Akachanganya sitini na kumi na sita. Darasa zima likacheka. Nasi, twaungama, tulicheka pamoja nao. Jibu lake la Kiswahili lilikuwa sawa kabisa, lakini hatukulisema.

Mwezi wa saba jina lake lilisomwa karibu na mwisho. Baba yake aliinama akitazama viatu vyake. Siku zile wazazi walikuwa bado wakilipa. Shule ya msingi bila malipo ilianza mwezi wa tisa mwaka 2019 tu. Nani atatoa feza tena kwa ajili ya mtoto aliyetangazwa hivyo mbele ya watu? Masomo yalipoanza tena, nafasi ya dirishani ilikuwa tupu. Hatukwenda kwao kuuliza.

Mwaka 2024 tulipita katika soko la Kenya, huko huko Lubumbashi, tukitaka kubadilisha dola 17. Dola moja ilikuwa franka 2,800. Kijana aliyekaa nyuma ya meza yake ndogo hakushika kartasi wala simu, alisema mara moja, « Arobaini na saba elfu na mia sita, Mwalimu. » Neno lile Mwalimu lilitushtua. Alikuwa ni yeye.

Tukamwuliza kwa nini hakujibu shuleni, kwa kuwa hesabu anaziweza hivi. Akahesabu noti kwanza, akatupa, kisha akasema, « Nilikuwa najua, Mwalimu. Niliogopa kicheko. » Hakusema kwa hasira. Mteja mwingine alikuwa anangoja.

Tangu siku ile tumebadili mambo machache. Mtoto anaruhusiwa kutafuta jibu kwanza kwa Kiswahili pamoja na jirani yake wa benchi; wakiwa tayari, ndipo wanasimama wawili na kulisema kwa Kifaransa. Mtu wawili hawaogopi kama mtu mmoja. (Tena si jambo geni: Mtakatifu Yohane Batista de La Salle, ambaye Papa Pio wa 12 alimweka mwaka 1950 kuwa msimamizi wa waalimu, aliwafundisha watoto wa Ufaransa kusoma kwa Kifaransa chao kabla ya Kilatini.) Anayecheka kosa la mwenzake, yeye ndiye anayefuata kwenda ubaoni. Darasa la watu zaidi ya sabini halikawii kuielewa sheria hiyo.

Lakini jambo lililowafungua zaidi hatukulipanga. Tulikosea kujumlisha ubaoni, na msichana mmoja mdogo akainua kidole huku mkono ukitetemeka. Alisema, « Mwalimu, samahani, pale ni nane. » Kimya. Wote walitutazama wakingoja fimbo. Tukafuta, tukaandika nane, tukamwambia asante. Kesho yake vidole vilikuwa vingi hata hatukujua tumwite nani.

Imebaki ile siku ya mwezi wa saba. Tumemwomba mkubwa wa shule asisome tena nafasi za watoto wote. Kila mzazi apewe kartasi yake mkononi, na mwalimu akae naye kidogo amweleze. Wazazi wengine wamekataa. Mama mmoja alituambia, « Mwalimu, mimi nauza makala mwaka mzima, na wangu ni wa kwanza. Mnaninyima furaha yangu? » Hatukupata neno la kumjibu, maana makala yale tumeyaona akiyabeba.

Orodha ya mwaka huu iko mezani kwetu, majina 74. Mkubwa wa shule ameahidi kutujibu kabla ya Jumamosi.