Nani Achinje Mbuzi wa Krismasi?

Krismasi yangu ya kwanza Mandawa, mwaka 2013, nilimnyima bibi mmoja nyama. Nilifanya hivyo nikiamini kwamba natetea imani, na usiku ule nililala usingizi mzito bila wasiwasi wowote. Nimeombwa niandike jinsi familia na kanisa vinavyokutana katika sikukuu ya kuzaliwa Bwana wetu. Ningeweza kuandika juu ya kwaya na watoto wenye nguo mpya, lakini naona ni haki nianze na kosa langu.

Mimi nilizaliwa Kilimanjaro, ambako karibu kila kijiji kina kengele ya kanisa. Nilipomaliza chuo cha theolojia na kutumikia kwa miaka michache, nililetwa kusini, wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea. Huku sisi Walutheri ni wachache. Waanglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906. Kabla yao wote, Uislamu ulikuwa umeshapita njia za misafara kutoka Kilwa na Lindi. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na dini mbili bila mtu kushangaa. Mjomba anakwenda msikitini, mpwa anaimba kwaya, na wote wanalima shamba moja la mikorosho.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Kuyajua kwa kuishi kulinichukua muda.

Jumapili ya nne ya Majilio tulikaa na wazee wa kanisa kupanga sikukuu. Washarika walikuwa wamechanga fedha ya mbuzi wawili, mchele na mafuta. Msimu wa korosho ulikuwa umewapa wengine kitu kidogo, na wengine walikuwa bado wanangoja malipo ya chama cha msingi. Ndipo mzee mmoja, mtu mpole aliyezoea kufagia kanisa bila kuombwa, akasema, "Mchungaji, kuhusu mbuzi, huwa tunamwita jirani yetu anakuja kuchinja."

Nilimfahamu jirani huyo. Alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano.

Naomba mkumbuke mwaka wenyewe. Mwezi Februari mwaka huohuo, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja ulimwaga damu na mchungaji akauawa. Sisi wachungaji tuliipokea habari ile kama msiba wa nyumbani. Kila tulipokutana tulizungumza juu yake, na mimi nilifika Mandawa nikiwa na uchungu huo moyoni. Nikawajibu wazee, "Hii ni sikukuu ya Bwana Yesu. Mbuzi wa Krismasi atachinjwa na Mkristo. Hatuwezi kuomba ruhusa ya kula kwenye meza yetu wenyewe."

Mzee yule aliinamisha kichwa. "Sawa, Mchungaji," akasema. "Wewe ndiye mchungaji."

Nilidhani amekubali.

Siku ya Krismasi ibada ilikuwa nzuri. Nilihubiri Luka 2, juu ya Mariamu na Yusufu kukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kanisa ni mahali ambapo hakuna anayekosa nafasi. Baada ya ibada tulifanya mnada wa sadaka za mazao na kuku, kisha mikeka ikatandikwa chini ya mwembe na wali ukapakuliwa. Watu walikuwa wachache kuliko nilivyoambiwa nitegemee. Nikadhani ni mvua, maana mawingu yalikuwa yametanda.

Kesho yake asubuhi mke wangu aliniuliza, "Baba, umeona nyama iliyobaki?"

Nikasema nimeona, watu walishiba.

"Hawakushiba," akasema. "Hawakula."

Akanieleza aliyoyaona wakati mimi nimekaa na wageni wa mbele. Mama mzazi wa yule mzee wa kanisa, bibi Mwislamu anayeishi kwa mwanawe, alikuja amevaa khanga mpya kama anavyokuja kila mwaka. Alipoketi alimwuliza mjukuu wake kitu kwa sauti ya chini. Mtoto akamjibu. Bibi akavuta sahani, akasogeza nyama pembeni, akala wali mtupu kwa maharage. Mwanawe alipoona hivyo alirudisha nyama yake sufuriani, naye akala maharage. Mkewe akafanya hivyohivyo. Kisha familia nyingine, na nyingine. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alikula kama mkubwa wa nyumba yake alivyoweza kula.

Nilikwenda kwa mzee yule jioni. Nilikwenda, niseme kweli, nikiwa na nia ya kumfundisha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba chakula hakitutii unajisi. Alinikaribisha kiti, akakaa kwenye kigogo, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mchungaji, mimi nakubali. Nyama haina dini. Lakini mama yangu anayo."

Akanyamaza kidogo, akaendelea. "Siku niliyobatizwa mama alikuja. Hakuingia kanisani, alikaa nje chini ya mwembe mpaka ibada ikaisha. Tulipotoka akaniambia, 'Mwanangu, umechagua njia yako. Ila njia ya kuja nyumbani usiisahau.' Sasa mimi Krismasi nimwambie nini? Kwamba njia ya nyumbani imefungwa?"

Sikuwa na jibu. Kilichonifunga kinywa hakikuwa maneno yake peke yake. Nilikuwa na habari yangu mwenyewe ambayo Mandawa hakuna aliyeijua.

Kwetu Kilimanjaro, kuchinja kwa Krismasi ni kazi ya baba. Watoto wote hurudi kutoka miji ya mbali, na mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe: hiki cha babu, hiki cha shangazi, hiki cha mama aliyezaa watoto hawa. Asiyepewa kipande chake anajua amesahauliwa. Mdogo wangu alikwenda Tanga kuendesha malori, akaoa huko, akasilimu. Mwaka wa kwanza aliporudi nyumbani baba alimpa kipande chake, naye akakataa kwa adabu zote. Baba akasema neno ambalo lilikaa kwenye nyumba yetu miaka saba: "Aliyekataa kisu changu amenikataa mimi." Tangu hapo mdogo wangu alikuwa akija Desemba kumsalimia mama, na kabla ya tarehe 25 anaondoka. Mimi, msomi wa familia, nilikuwa upande wa baba. Nilimpa hata mistari ya Biblia ya kujitetea nayo.

Usiku ule nilirudi kwenye mistari hiyohiyo. Nikasoma 1 Wakorintho sura ya 8. Paulo anajua, kama nilivyojua mimi, kwamba chakula hakitusogezi karibu na Mungu wala mbali naye. Lakini hakuishia hapo. Akasema yuko tayari asile nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu yake. Ni kweli, Paulo alikuwa akisema juu ya ndugu katika imani, na bibi yule hakuwa Mkristo. Nilitaka kujificha nyuma ya neno hilo. Lakini sura ya 10 inamzungumzia pia asiyeamini anayekaa na Mkristo mezani, na kutuonya tusiwe kikwazo kwa Wayahudi, wala kwa Wayunani, wala kwa kanisa. Orodha hiyo haikumwacha bibi nje.

Kisha nikasoma Wagalatia 2, na hapo nikajiona mwenyewe. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa kule Antiokia. Walipofika watu fulani kutoka Yerusalemu akaogopa, akajitenga. Hakubadili fundisho lolote, aliondoka mezani tu. Lakini Paulo alimpinga uso kwa uso, kwa sababu aliona Injili yenyewe imeguswa. Mimi nami nilikuwa nimefika Mandawa na hofu yangu kutoka mbali, na kwa hofu hiyo nikaigawa meza ambayo watu wa hapa waliitandaza kabla sijaja.

Sisi Walutheri tuna urithi juu ya jambo hili. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Hoja yake ni kwamba kwa imani Mkristo hatawaliwi na yeyote, na kwa upendo ni mtumishi wa kila mtu. Chuoni nilikijibia mtihani kitabu hicho na nikafaulu. Ila nilishika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Nilikuwa na uhuru wa kuchinja. Sikuwa nimejua kwamba nina uhuru pia wa kukabidhi kisu.

Majilio ya mwaka 2014 niliwaomba radhi wazee wa kanisa kwenye kikao, kisha nikaenda mwenyewe kwa yule jirani. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikamwambia tunamwomba aje kutusaidia kuchinja. Akaweka ungo chini, akanitazama.

"Mwaka jana sikuitwa," akasema. "Nikawaza, nimewakosea nini jirani zangu?"

Mwaka mzima yule mtu alikuwa amebeba swali hilo, na tulikuwa tukisalimiana kila siku njiani.

Siku ya Krismasi mikeka haikutosha. Bibi alikula nyama. Nilipopita kuwasalimu wageni akanitania, maana utani huku ni sehemu ya heshima: "Mchungaji wa Kichaga, mwaka huu hesabu zako zimekaa sawa." Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa karibu kulia.

Ndipo nikampigia baba simu. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya Mandawa yote, pamoja na aibu yangu. Nikamwomba msamaha kwa mistari niliyompa. Baba alisikiliza, akasema mvua zimechelewa, akamrudishia mama simu. Nilirudia jambo hilo mara kadhaa mwaka uliofuata, na kila mara alinijibu habari za migomba.

Mwaka 2015 Maulidi iliangukia tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Mandawa ilikuwa na sikukuu mbili mfululizo. Mchana jirani zetu walituletea pilau ya Maulidi, usiku tukaingia kanisani kwa mkesha, na asubuhi jirani yule alikuja na kisu chake kabla sijamwita. Mchana simu yangu ikalia. Alikuwa mama.

Alisema usiku uliopita mdogo wangu alikuja kuaga kama kawaida yake, aondoke alfajiri. Baba akamwuliza, "Kwa dini yako, wewe mwenyewe huruhusiwi kuchinja?" Akajibu anaruhusiwa. Baba akaingia ndani, akatoka na kisu. "Basi kesho chinja wewe," akamwambia. "Wewe ni mwanangu, si mgeni."

Mdogo wangu alichinja, baba akishika kamba. Kisha baba akagawa vipande kama zamani, na kipande cha mdogo wangu kikaliwa.

Sitaki mdhani mambo yote yalinyooka. Baba mdogo hakukubali. Alisema dhamiri yake haimruhusu kula nyama iliyochinjwa kwa dua isiyo ya kwetu. Mama hakubishana naye. Alimpa jogoo, akamchinja mwenyewe, akapikiwa kwenye sufuria ya peke yake, akakaa mkekani na wengine. Nilipolisikia hilo nilijua mama amenizidi elimu. Mimi ningemshinda baba mdogo kwa hoja, naye angekwenda kula kwake.

Kwa hiyo siandiki hapa sheria mpya kwamba kila usharika ufanye kama sisi. Mahali pengine pana majeraha ambayo hayajapona, na mchungaji wa huko anayajua kuliko mimi. Tena, mbuzi hawezi kuondoa tofauti ya imani. Jirani yetu bado hamkiri Yesu kuwa Bwana, nami sijaacha kumhubiri Yesu kuwa Bwana. Lakini nimejifunza kuuliza swali moja kila Majilio kabla ya kupanga chochote: mwaka huu ni nani atakula wali mtupu kimya kimya, mimi nikidhani ameshiba? Kwenu huenda jambo lenyewe si nyama. Huenda ni mchango ambao mjane hana, au binti aliyetolewa kwaya, au ndugu ambaye jina lake halitajwi mezani.

Mwana wa Mungu alipozaliwa alilazwa mahali ambapo wanyama hulishwa. Toka siku ya kwanza alikaa karibu na chakula, na baadaye waliomchukia walimlaumu kwa sababu ya watu aliokula nao. Tukiitandaza mikeka yetu Desemba hii, tuitandaze tukilikumbuka hilo. Bwana atupe meza pana, na atupe macho ya kuona sahani ya jirani. Amina.