Askari Mstaafu na Bima ya Afya: Kosa Letu na Funzo Lake



Leo twataka kusimulia kosa letu wenyewe. Kazi yetu ni kusomesha watoto madrasa katika wilaya ya Ngara, na elimu yetu ni ya Qur'ani na ya shule ya msingi. Mwalimu hupenda kutaja makosa ya wanafunzi wake, na ya kwake huyafunika. Lakini gharama ya kosa hili aliilipa mtu mwingine, wala si sisi. Kwa hiyo haifai kulifunika.

Kijijini petu yupo mzee mmoja aliyekuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Alijiunga akiwa kijana, akapigana katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, akalitumikia jeshi miaka mingi hata akastaafu, kisha akarudi kwao kulima migomba na kahawa. Muda wote alipokuwa kambini, yeye na mkewe na watoto wake walipougua walitibiwa katika hospitali za jeshi, wala hakupata kuuliza ni nani alipaye. Kwake yeye matibabu yalikuwa kama mvua ya masika: hunyesha wakati wake ukifika.

Aliporudi nyumbani mambo yaligeuka. Lugalo, hospitali kuu ya jeshi, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka kwetu. Hata mtu akiwa na mlango wazi huko, utamfaa nini ikiwa mgonjwa wake ameanguka usiku wa manane huku mpakani mwa Burundi?

Mwaka 2019 tulitangaziwa kijijini habari za Mfuko wa Afya ya Jamii, ule ulioboreshwa mwaka 2018. Kaya ya watu wasiozidi 6 ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka, nao wakatibiwa kuanzia zahanati, na kwa barua ya rufaa hata hospitali ya mkoa. Jioni ile, baada ya Sala ya Magharibi, mzee wetu alitufuata barazani pa msikiti. Akasema, "Maalim, fedha ninayo hapa mfukoni. Dini yasemaje?"

Hatukufungua kitabu, wala hatukumwuliza mjuzi. Tulijibu papo hapo, "Mzee wetu, bima ni kamari. Ukiugua umekula, usipougua umeliwa. Wewe mtegemee Mwenyezi Mungu." Akasimama wima kama aliye mbele ya mkubwa wake wa kambini, akasema, "Nimeelewa, Maalim." Akarudi nyumbani na shilingi zake 30,000.

Haikupita miezi minne, mkewe akashikwa na maumivu ya tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota, ikabidi apasuliwe upesi. Mchango wa msikitini ulitolewa, lakini haukufika hata robo ya gharama. Mzee akauza nusu ya shamba lake la migomba, tena kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mkewe alipona, Alhamdulillahi. Shamba halikurudi. Hata leo, akija kusali, hupita kando yake na kuwaamkia watu walimao humo. Hajapata kutulaumu hata neno moja, na lau angalitulaumu tungaliona nafuu.

Moyo haukutulia. Tukapanda basi tukaenda Biharamulo kwa sheikh mmoja aliyesoma kutupita. Tulipokwisha kumweleza, alituuliza, "Kijijini kwenu mna chama cha kuzikana?"

Tukasema, "Tunacho."

"Mwachangia?"

"Kila mwezi, Sheikh."

"Na yule asiyefiwa mwaka huu, ameliwa?"

Tukanyamaza. Akasema, "Basi mwachangia sanda, na dawa mwakataa kuichangia?"

Kisha akatufunza kwa upole. Alisema kwamba wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walipokutana Jeddah mwezi Desemba 1985 walitofautisha mambo mawili. Bima ya biashara, ambayo mtu hununua ahadi kwa malipo maalum, waliiona kuwa ina gharari, yaani mashaka makubwa katika mkataba, wakaikataza. Lakini bima ya ushirikiano, ambayo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana, waliikubali. Na hata kabla ya mkutano huo, mwaka 1979, Waislamu wa Sudan walikwisha kuanzisha kampuni yao ya bima kwa msingi huo. Mfuko wa jamii ulioundwa ili wachangiaji watibiane, usio na tajiri wa kugawana faida, yeye aliuona karibu zaidi na ushirikiano kuliko biashara. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Lakini aulize kweli, asijibu kwa haraka kama tulivyojibu sisi.

Kisha alitukumbusha Hadithi iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, ambayo tuliisoma zamani wala hatukuifahamu. Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa kuwa, chakula kilipowapungukia vitani, au kilipopungua kwa watoto wao mjini Madina, walikusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawa sawa. Akasema kwamba watu hao ni wake, naye ni wao. Ndugu wasomaji, tazameni: habari hiyo ni ya askari na jamaa zao! Jibu la swali la mzee wetu lilikuwamo ndani ya kitabu kilichokaa rafuni petu.

Basi sasa, kila tumwonapo mtu akijiandaa kustaafu, jeshini au penginepo, humweleza haya.

Kwanza, aulize mapema, kabla hajavua sare, ni matibabu gani yatamfuata nyumbani, naye atatibiwa wapi. Tena aulizie na mke na watoto, si nafsi yake peke yake.

Pili, atazame kama anaye mtoto aliye mtumishi wa Serikali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hupokea asilimia 6 ya mshahara, 3 za mtumishi na 3 za mwajiri. Mwanachama huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4, na wazazi wake waweza kuwa miongoni mwao. Vijana, msijaze nafasi zote mkawasahau waliowalea.

Tatu, asiye na mtoto wa namna hiyo na aingie katika bima ya kaya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yataka kila mkaazi wa nchi awe na bima. Msishike bei ya mwaka 2019 tuliyoitaja. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji au katika zahanati mkaulize kiwango cha mwaka huu, na huduma zilizomo.

Nne, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imewawekea wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza matibabu bila malipo. Lakini msamaha huo ni wa mzee mwenyewe. Mke wa mzee wetu alikuwa hajafikia umri huo alipopasuliwa.

Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza, kama tulivyofundishwa, kisha kumwachia Mungu. Sisi tulimwambia mtu amwache ngamia bila kamba, naye alitutii kwa kuwa sisi ni mwalimu. Mwaka uliofuata tulikwenda naye mzee yule kujiandikisha, kaya yake na yetu siku moja. Alipotia sahihi alitutazama, akasema, "Maalim, leo umeuliza kwanza?" Tukamjibu, "Tumeuliza, mzee wetu."

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, awaafu wagonjwa wetu, na atupe ulimi usiotangulia elimu. Amin.