Kutoka Kituku Kwenda Minova

Mgeni akifika Goma, watu humwonyesha kwanza Nyiragongo, mlima wa moto. Mimi nawapeleka Kituku, ukingo wa ziwa, mahali mabato yanashusha mihogo, maharagwe na ndizi za Minova. Moteri zinalia hata mtu na mwenzake hawasikilizani.

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na watu hulidharau. Lakini kina chake kinafika karibu metre 480, na upepo ukishuka toka milimani mawimbi yanapanda kwa ghafula.

Mwezi wa 4, 2019, bato moja ilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais Tshisekedi akafika kule, akaamuru kila msafiri avae jile ya kuokoa. Amri nzuri kabisa. Kisha siku moja nilipanda bato (jina lake naliacha). Walitugawia jile tukiwa pwani. Yangu kamba ilikuwa imekatika, nikaifunga na mkanda wa suruali. Tulipopita macho ya wakaguzi, kijana akaanza kuzikusanya. "Pastere, leta, juu ya wale wa safari ingine." Nikampa. Mpaka leo naona haya, maana mama mwenye mtoto mgongoni aliniangalia mimi kwanza, halafu naye akatoa yake.

Mwaka 2024 vita ikafunga barabara ya Sake, biashara ya Minova ikahamia majini. Tarehe 3 mwezi wa 10 bato Merdi ikapinduka karibu kabisa na Kituku, watu wa pwani wakiitazama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani. Nikakumbuka merikebu ya Paulo, Matendo 27: watu 276, na wote walifika nchi kavu, wengine juu ya mbao. Hapa makumi walikufa.

Nyinyi wa makampuni ya migodi mnajua: bila kaske, kapita anakurudisha nyumbani. Jile ni vile vile. Angalieni kamba, na filimbi pia. Watu wanaicheka filimbi, lakini moteri ikilia, sauti ya mtu haifiki nyuma kwa dereva. Na mtoto anataka jile ya kipimo chake; ile ya baba inamtoka kichwani.

Mwisho wa mwaka ule nikanunua mbili, yangu na ndogo moja. Vijana wa Kituku wakaniita Pastere Jile. Ile ndogo ilisafiri mara tatu, kila mara na mtoto nisiyemjua.