Kikwembe Kipya na Ngozi Isiyosahau

Wenzangu katika kijitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya matanga na juu ya ngoma. Mimi nimechagua mavazi, na ndani ya mavazi nimechagua jambo moja ambalo katika ukoo wetu halijakaliwa kikao mpaka likaisha: nguo ya pamoja, ile tunayoita iniforme, na mtoto ambaye ngozi yake haiwezi kuivumilia. Msomaji ataniuliza, hilo nalo ni jambo la mila? Ndiyo, ni la mila, tena sana.

Sote tunajua desturi ilivyo hapa Baraka, na kule juu Fizi ni vilevile. Ndoa ikikaribia, kamati inakaa, akina mama wanapita sokoni kwa wenye vikwembe, wanachagua rangi. Upande wa bibi harusi wana yao, upande wa bwana wana yao. Kila mtu anatoa mchango, anakatiwa yadi zake, anapeleka kwa fundi. Hivyo hivyo kwaya, hivyo hivyo akina mama tarehe 8 Machi, na siku hizi hata matanga ya mzee mwenye jina. Mtu akivaa ile nguo amekwisha kusema bila kufungua mdomo: mimi ni wa hawa. Na asiyevaa naye amesema. Hapo ndipo tatizo linaanzia.

Lakini nianze mbali kidogo. Yule Mwingereza Burton, ambaye ghuba iliyo mbele ya Baraka bado inaitwa kwa jina lake katika ramani, alifika Ujiji mwaka 1858, na mwaka uleule akavuka mpaka Ubwari, hii rasi tunayoiona kila asubuhi kule ng'ambo ya maji. (Yeye alifikiri ni kisiwa. Wavuvi wetu wangemweleza bure.) Burton aliandika kwamba watu wa kando za ziwa walivaa ngozi za wanyama na mbugu, yaani nguo ya magome ya mti. Alieleza na kazi yake: gome linatolewa, linalowekwa majini, linakandwa, linapigwa kwa magongo mpaka linalegea kama pamba nzito, halafu linatemewa mafuta ya mawese kwa kinywa mpaka linapata rangi ya ngozi laini. Baganda bado wanatengeneza nguo ya namna hiyo kwa gome la mti wa mutuba, na tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya UNESCO. Wakuba wa Kasai nao, nguo yao ya rafia ikitoka kufumwa inatwangwa kwenye kinu ndipo ilainike.

Mimi naona jambo hapo. Kwa watu wa zamani nguo ilikuwa haijaisha siku ilipopata umbo. Iliisha siku ilipokubaliana na mwili. Kazi kubwa, ya mikono na ya mawese, ilikuwa ni kulainisha.

Ikaja merikani, pamba ya Marekani iliyopita Unguja na misafara hadi Ujiji. Ikaja waksi. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na nyumba ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa mwaka 1846. Hizi nguo zinauzwa zikiwa zimetiwa wanga, zimekauka, zinang'aa. Basi heshima ikageuka. Leo kikwembe chenye heshima ni kile kigumu, kinacholia kwa sauti mama akipita, na etiketi bado imebandikwa ili watu wasome. Kukifua kabla ya harusi ni kukishusha bei. Na sasa kuna hizi za kuiga zenye nyuzi za plastiki ndani, hazinywi jasho, na joto la Baraka mnalijua wenyewe.

Sasa nije kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka 11. Jina lake nitaliacha nyumbani.

Tangu angali mdogo, ukimvalisha shati jipya analia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Si ukaidi. Anavuta kola, anageuza shingo, anajikuna mpaka damu. Etiketi ya nyuma ya shingo ni adui wake wa kwanza. Wa pili ni mshono wa soksi pale kwenye vidole. Wa tatu ni lastiki ya kiunoni. Kwa dantela na paieti hatujajaribu mara ya pili. Anapenda kaptula moja ya mtumba, ya pamba, iliyochakaa, na dada yangu huifua usiku ili asubuhi iwe tayari. Hasemi sana. Anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari, na anajua majina ya mitumbwi yote ya motori inayotia nanga hapa.

Ilichukua miaka kupata jina la hali yake. Kifaransa husema otisme, na ndugu zetu wa Tanzania husema usonji. Daktari Leo Kanner aliiandika huko Marekani mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo ukiileta kwenye mji kama wetu, utaona mpwa wangu hayuko peke yake, ila wengine wamefichwa ndani ya nyumba. Na hili la nguo si kituko chake yeye. Tangu mwaka 2013, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua hali hizi kinataja wazi kwamba hisi za watu wengi wenye usonji huzidi au hupungua: sauti, mwanga, harufu, ladha, na kitambaa kwenye ngozi.

Nimejaribu kuwaeleza watu hivi. Wewe ukivaa shati asubuhi, unalisikia dakika chache, halafu ngozi inasahau. Ungekaa siku nzima unasikia kila uzi, usingeweza kufundisha wala kulima. Kwa mtoto huyu ngozi haisahau. Ile dakika ya kwanza inaendelea mpaka jioni. Mwanamama Temple Grandin wa Marekani, profesa wa mambo ya mifugo ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba alipokuwa mtoto nguo za Jumapili za kanisani zilimkwaruza kama msasa, na kwamba hata ukubwani anahitaji siku nyingi kuzoea nguo ya namna mpya. Huyo ni mtu mwenye maneno. Mpwa wangu hana maneno hayo, ana kilio tu.

Na watu hutafsiri kilio wanavyotaka. Shuleni, nisiyoitaja, alirudishwa nyumbani mara tatu kwa sababu hakuvaa shati jeupe la iniforme. Jirani mmoja akasema, "Uyu mutoto iko na kiburi." Mwingine akasema neno baya zaidi, kwamba mtoto anayekataa nguo kuna kitu kinachomvua, na kwamba apelekwe kwenye maombi ya kufunga siku saba. Hapa niseme wazi, maana kijitabu hiki kinasomwa na walimu na wachungaji: sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na anayefanya hivyo anaadhibiwa. Tumeona watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno moja la namna hiyo. Kumbe lilianzia kwenye kola ya shati.

Aliyemfahamu kwanza hakuwa daktari, alikuwa bibi yake, mama yetu. Mama alikimbia vita akakaa Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996. Alirudi Baraka kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2007, akiwa na mabegi mawili na kikwembe alichotubebea sisi, akabebea na wajukuu. Kimefuliwa miaka zaidi ya ishirini. Maua yake hayaonekani tena, na ukikishika kinateleza kama majani ya ndizi changa. Siku mtoto alipolia mpaka sauti ikakauka, Mama alimzungushia kile kikwembe, akakifunga kwa nguvu kabisa, kama mtoto mchanga wa mgongoni. Mtoto akanyamaza.

Baadaye nikasoma kwamba Grandin naye, alipokuwa kijana, aliona ng'ombe wanavyobanwa kwenye mashine ili wachanjwe, wakatulia. Akajitengenezea mashine yake ya mbao ya kubana mwili, ikamtuliza. Mguso mwepesi unawaumiza wengi wa watu hawa, lakini mbano mzito na wa sawasawa unawapumzisha. Si wote, kila mmoja ana yake. Nilicheka peke yangu. Mashine ile akina mama wetu wanaifunga kifuani kila siku wakienda shamba.

Tangu hapo nyumba yetu ina utaratibu. Nguo mpya ya mtoto inalowekwa, inafuliwa, inaanikwa kivulini, inarudiwa. Etiketi inafumuliwa uzi kwa uzi, maana ukiikata kwa makasi yale mabaki yanachoma kuliko ile etiketi nzima. Fundi wetu amekubali kugeuza mshono uwe nje. Alicheka kwanza, sasa amezoea. Shuleni tulikwenda na kipande cha kitambaa mkononi, mwalimu akakishika, tukaelewana kwamba shati jeupe liwe la pamba kuukuu, bila kola. Shati jeupe ni shati jeupe.

Mila ilikuwa ngumu kuliko shule. Mwaka juzi mzee wetu mmoja alifariki, familia ikanunua kikwembe cha matanga. Mtoto alikaa na kaptula yake na kile kikwembe cha bibi mabegani. Shangazi yetu, mwenye kamati, akasema mbele ya watu: "Asiyevaa na sisi, halii na sisi." Dada yangu alisimama akaondoka na mtoto wake. Kikao kikaitwa usiku uleule. Mzee mmoja akasema kwamba yeye akiwa mtoto hakuona nguo ya kununua kwenye kilio, watu walikaa chini na walichokuwa nacho, na hakuna aliyeulizwa amefiwa au hakufiwa. Shangazi akajibu, na nakubali ana haki yake, kwamba kila mmoja akipata sababu ya kutovaa, iniforme itakufa: leo ngozi, kesho mfuko, keshokutwa dharau. Kikao kiliisha bila kukata neno.

Mimi sitaki iniforme ife. Nimeona nilivyojisikia kwenye ndoa yangu, watu mia mbili rangi moja, kama ukoo umekuwa mwili. Ninachopendekeza kwa wazee ni kidogo. Mtoto wa namna hii mchango wake upokelewe kama wa wengine na yadi zake zikatwe. Halafu aachwe aivae atakavyoweza: utepe kwenye mkono, au kipande kilichoshonwa juu ya shati lake kuukuu, au ajifunike tu. Ahesabiwe amevaa, na apigwe picha katikati ya wengine, asiwekwe pembeni. Na kamati, kabla ya kununua, ishike kitambaa kwa mkono na si kwa macho tu, ichague pamba. Hata wasio na usonji watashukuru, wanaotoka jasho chini ya hema saa nane mchana.

Shangazi hajasema ndiyo. Wala hajasema hapana.

Harusi ya binamu yake mtoto ni mwezi wa nane. Rangi imekwisha kuchaguliwa, buluu yenye majani ya njano, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeleta yadi zetu, za mtoto zikiwa ndani bila kuulizwa. Kipande chake kimekwisha kupita majini mara nne, rangi imeanza kufifia. Jana Mama alikitoa kwenye beseni, akakikamua, akakisugua shavuni mwake mwenyewe, akasema, "Bado. Mara mbili tena."