Redio ya Babu, Ngamiani: Bibi hakuwa akiota

Basi kutoka Dar es Salaam lilinishusha Tanga saa kumi jioni, miguu imekufa ganzi, mkononi nina mfuko wa machungwa ya Muheza. Safari hii sikufuata habari. Mjomba alikuwa amepiga simu kwamba nyumba ya Bibi, Ngamiani, inasafishwa, na redio ya marehemu Babu inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Bibi ana miaka 85. Tangu mwaka juzi anasahau. Anadai chakula alichokwisha kula, na mimi ananiita kwa jina la mama yangu. Kwa hiyo aliposema, "Hiyo msiiuze, mume wangu kaiunda kwa mikono yake mwaka aliozaliwa huyu, kwa mbao za sanduku la chai," akimwonyesha mjomba, hakuna aliyemjali. Mjomba kazaliwa 1959. Anavyojua yeye, redio ilinunuliwa dukani.

"Huo ni ugonjwa unaongea," alininong'oneza.

Mimi huandika habari za afya. Nimeshaandika kwamba mzee mwenye tatizo la kumbukumbu mara nyingi hupoteza ya jana kabla ya yale ya ujana wake. Lakini siku ile nilitikisa kichwa nikakubaliana na mjomba. Niliipakia redio kwenye bajaji kwa huruma tu.

Mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, na fundi niliyeelekezwa yupo barabara tatu kutoka kwa Bibi. Neno lake la kwanza lilikuwa onyo: "Dada, usiichomeke. Hizi za valvu ndani zina umeme wa volti zaidi ya 200, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa."

Wazazi, hilo tulishike. Redio kuukuu si kitu cha mtoto kufungua kwa bisibisi, wala cha kujaribiwa kwenye soketi ili tuone kama inaimba.

Akaifungua. Hapakuwa na jina la kampuni wala namba ya kiwandani. Bati la kushikia vifaa limekatwa kwa mkono, alama za tupa bado zinaonekana, na matundu yake hayako kwenye mstari. Pa kutafutia stesheni pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino: D'Salaam, Nairobi. Upande wa ndani wa mbao kulikuwa na maandishi yaliyofifia ya kreti ya chai.

Valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, zilikuwa tano: ECH81, EF89, EBC81, EL84 na EZ80. Nyingine za Mullard, nyingine za Philips. Fundi alinifundisha kuzisoma. E ni volti 6.3 za kuipasha moto. Herufi zinazofuata hutaja kazi: L husukuma spika, Z hunyoosha umeme.

"Hizi ni za miaka ya 1950," alisema. "Aliyeunda hii alikusanya kimoja kimoja."

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951. Kijana aliyejua kulehemu, mwaka 1959, alikuwa na cha kusikiliza.

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi alibadilisha kapasita kuukuu na nyaya zilizovuka ganda. Alipoiwasha aliupitisha umeme kwanza kwenye globu ya wati 100, kwa sababu kama ndani kuna shoti, globu ndiyo itakayowaka kwa nguvu badala ya redio kuungua.

Usiku tuliiwasha sebuleni. Ilikaa kimya kama nusu dakika ikipata moto, kisha ikakoroma, na kwenye masafa mafupi akasikika mtu akisoma kwa Kiarabu, sauti ikija na kupotea. Mjomba alikuwa akipitisha kidole kwenye alama za tupa za baba yake.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Mzee wangu akisema jambo lisiloaminika, namuuliza swali moja zaidi kabla ya kulitupa. Si kila mara atakuwa sahihi.

Usiku ule ule, Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Punguzeni," alisema, "mtoto kalala."

Mtoto alikuwa mjomba. Alinyoosha mkono, akapunguza.